Kiti cha Mjomba Leland

Shambani, Iowa
9 Novemba 1969

Mdogo wangu Leland,

Hujambo huko Pennsylvania? Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza kutung'ata. Harlan anakusalimu, au tuseme angekusalimu kama asingekuwa amelala kitini na buti zake miguuni. Mahindi yote yameingia ghalani, isipokuwa ya kule bondeni, ambako trekta ilizama matopeni na mume wangu akatukana mpaka ng'ombe wakageuka kumtazama. Nyonga ya Mama bado inamsumbua, lakini mdomo hauna ugonjwa. Jana ameniambia kolache zangu, vile vimkate vya jamu, ngumu kama kwato. Kila Jumapili anauliza kama umeoa. Namjibu umeoa mkeka wa mieleka, na bibi harusi mwenyewe ananuka jasho.

Nakuandikia kwa sababu simu yetu hii ya kugawana nyumba sita si simu, ni mkutano wa hadhara. Nikinyanyua tu namsikia Bibi Jensen akihema.

Sasa jambo lenyewe. Mwaka jana ulikaa jikoni kwangu, ukamaliza nusu ya paja la nguruwe, ukaniambia, "Dada, nipe Curtis aje chuoni kwetu, nitamwangalia kama wangu wa kumzaa." Nikakupa. Harlan alitaka abaki shambani, nikagombana naye kwa ajili yako. Unajua kwa nini. Maadamu mwanangu yuko chuoni, jeshi haliwezi kumgusa. Akianguka masomoni au akivunjika moyo akarudi, atakwenda Vietnam, na kijana wa akina Jensen ameshaletwa nyumbani ndani ya sanduku. Kwa hiyo usimchukulie kama mpiga mieleka wako tu.

Na kile kiti cha ukocha mkuu kimefikia wapi? Huu mwaka wa kumi na saba unamshikia Kocha Stoltz taulo. Najua utaniambia mvumilivu hula mbivu. Sawa. Lakini mimi mkulima, nimeona mbivu nyingi zikiozea mtini.

Dada yako,
Marlys


Chuoni, Pennsylvania
30 Novemba 1969

Dada Marlys,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, maana nikikaa magoti hayakubali kuamka. Mpe Mama pole ya nyonga, mwambie ninayo yangu pia. Mwambie tena kwamba masikio yangu yamejikunja kwa mieleka kiasi kwamba hata mwanamke kipofu akiyapapasa atakimbia, ndiyo sababu ya kutooa. Harlan mwachie usingizi wake.

Msimu umeanza. Nafungua ukumbi kabla hapajapambazuka, napiga deki mikeka kwa dawa, nawasha joto mpaka kuta zinatoa maji. Kisha Kocha Stoltz anaingia, anapuliza filimbi, anaongea. Yeye anaongea, mimi natupwa chini. Kila mbinu anayoieleza lazima mtu aonyeshe, na mtu huyo ni mimi, nikiwa na miaka arobaini kasoro kidogo, chini ya vijana wanaokula mayai kumi kwa mkupuo. Jioni naendesha basi la timu. Jumapili nakaa majikoni kwa watu nikiwabembeleza mama zao wanipe watoto wao, kama nilivyokubembeleza wewe.

Curtis hajambo. Nimempanga afanye mazoezi na Randy Pruitt kila siku. Pruitt ndiye mkali wetu. Wengine wote wanamkwepa, Curtis hamkwepi. Wanagongana vichwa kama mafahali, na kila siku mwanao anasimama muda mrefu zaidi kabla ya kuangushwa. Mwakani yeye ndiye atakayekuwa mkali.

Kuhusu kiti, wiki jana tukiwa ndani ya basi Stoltz alinigeukia.

"Tesar," akasema, "huu ndio mwisho wangu. Nipe bingwa mmoja wa taifa, uchukue filimbi hii."

"Bingwa gani, Kocha?"

"Pruitt! Ulidhani nani, bibi yangu?"

Basi ndiyo hali. Mwaka mmoja tu, Dada, na Pruitt mmoja.

Nina ombi dogo. Wewe bado unapita nyumba kwa nyumba na ule mkoba wako wa vipodozi? Naomba unitumie kopo la ile poda nzito ya kuficha madoa usoni. Kuna kijana hapa ana kadoa kwenye paji la uso, na anaona haya mbele za watu. Ni mweupe wa kawaida, mwenye wekundu kidogo. Usilipitishe kwa Curtis wala usimtajie, kijana mwenyewe atafedheheka.

Mdogo wako,
Leland


Shambani
6 Desemba 1969

Leland wewe,

Kijana anaona haya! Mwongo mkubwa. Una mwanamke mwenye uso wa madoa na hutaki tujue. Nimemsomea Mama kile kipande cha poda, amecheka mpaka meno ya bandia yakahama. Anasema madoa si kitu, umlete.

Haya, kopo ndilo hili. Bei yake usijali, ni zawadi yangu ya Krismasi kwa huyo mwenye haya. Msikilize mtaalamu: lowesha sponji, ikamue mpaka ibaki na unyevu tu, pachika poda kwa kugonga-gonga, usisugue. Acha ikauke. Gonga tena safu ya pili, kisha futa kingo kwa kidole ili ichanganyike na ngozi. Ukifanya hivyo hata mumewe hataona kitu. Nimemficha Bibi Jensen jicho alilopigwa na mlango, na kanisa zima likamsifu amependeza.

Habari mbaya ni kwamba walipochezesha kwenye televisheni ile bahati nasibu ya jeshi, ya kupanga nani aitwe kwanza, tarehe ya kuzaliwa Curtis ilitoka mapema sana. Harlan alizima televisheni akaenda zizini. Namba ile haina nguvu maadamu yuko shuleni, ndivyo wanavyosema. Naamini, kwa sababu nisipoamini sitalala.

Mkumbatie mwanangu. Mwambie aje Krismasi.

Marlys


Chuoni
11 Januari 1970

Dada,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Soksi za Mama nimezivaa hivi ninapoandika. Pole kwamba Curtis hakuja Krismasi. Tulikuwa na mashindano makubwa ya sikukuu na ilibidi timu yote ibaki.

Tulishinda. Pruitt aliwaangusha wote, wa mwisho alimlaza chali hata kabla watu hawajakaa vizuri vitini. Stoltz alinipiga begani mbele za watu, akasema, "Huyu ndiye mrithi wangu," na gazeti liliandika. Nimekukatia kipande, kimo ndani ya bahasha.

Poda ilifanya kazi yake. Asante.

Curtis ana jicho jekundu, la kulia. Ni uchafu wa mkeka tu, huwapata wengi. Nimempeleka kwa nesi wa chuo, amempa matone. Nimempumzisha siku kadhaa. Msiwe na wasiwasi.

Theluji huku imefika madirishani.

Leland


Shambani
20 Januari 1970

Leland,

Sisi wazima. Salamu zako nimezigawa.

Nimepata barua ya Curtis na mwandiko si wake. Mwenzake wa chumbani ndiye ameandika, Curtis akimtajia. Anasema mwanga unamchoma, anavaa kofia ndani ya nyumba. Anasema kope zimetoka vipele vyenye maji. Halafu anasema, "Mama usihofu, Mjomba anashughulikia." Wewe umeniandikia uchafu wa mkeka. Uchafu gani unaotoa vipele vyenye maji?

Amemwona daktari wa macho au bado ni huyo nesi? Matone hayo yanamsaidia au yanamzidisha? Na kwa nini hukuniandikia wewe kwanza? Nijibu kama ndugu, usinijibu kama mwanasiasa.

Marlys


Chuoni
1 Februari 1970

Dada,

Nadhani simu ya maandishi imeshakufikia. Curtis amelazwa hospitali ya macho mjini. Madaktari pale ni wazuri sana. Wamemfunga macho yote mawili ili la kushoto lipumzike. Chuo kinagharimia.

Njoo ukiweza. Mimi nitakuwepo kadiri ratiba itakavyoruhusu.

Leland


Shambani
22 Februari 1970

Leland,

Tumefika nyumbani jana, mimi na mwanangu, kwa treni na basi. Nilimshika mkono njia nzima kama alipokuwa na miaka mitatu.

Jicho la kulia limekwisha. Nakuandikia kwa maneno haya kwa sababu hakuna mengine. Kioo cha jicho kimekuwa na kovu, anaona weupe tu, kama mtu aliye nyuma ya dirisha lenye barafu. La kushoto nalo limeguswa kidogo. Limefungwa bado, tunasubiri.

Nilikaa pale hospitali siku zote zile na wewe hukuja. Niliambiwa uko mashindanoni. Kila mlango ulipofunguka Curtis aliinua kichwa akasema, "Mjomba?" Nesi mmoja alianza kuitika "Mjomba hayupo" kabla hajaulizwa. Nilicheka naye mbele ya mwanangu, halafu nikaenda kulia chooni.

Daktari ni mzee mpole. Aliniita pembeni. "Mama, haya ni malengelenge ya kuambukiza," akasema. "Hupitia ngozi kwa ngozi. Kuna mchezaji mwenzake aliyekuwa nayo?" Nikamuuliza Curtis. Akasema, "Hapana Mama, angekuwepo tungejua. Mjomba anatukagua ngozi kila asubuhi, na kabla ya mashindano daktari anakagua tena. Mwenye kidonda haruhusiwi kugusa mkeka." Alisema hivyo kwa fahari. Daktari akatikisa kichwa. Akasema kama mtu angemwambia mapema, wasingempa yale matone, na jicho lingekuwepo mpaka leo.

Basi nakuuliza wewe unayekagua. Yalitoka wapi?

Majirani wanakuja na keki. Mmoja ameniambia, "Angalau jeshi halitamchukua sasa." Nilitaka kumtemea mate. Usiku nikajikuta nashukuru kwa hilo hilo, na nikajichukia.

Marlys


Shambani
15 Machi 1970

Leland,

Hujajibu. Gazeti linasema Pruitt wenu anakwenda mashindano ya taifa, kwa hiyo najua hujafa.

Siandiki kwa ajili yangu. Curtis anauliza barua yako kila siku. Macho yamefungwa, kwa hiyo mimi ndiye ninayemsomea kila kitu, gazeti, Biblia, bei za nguruwe. Anataka kusikia habari za ukumbi. Mwandikie hata uongo, umeuzoea.

M.


Chuoni
29 Machi 1970

Dada yangu,

Leo ni Pasaka na sikwenda kanisani. Barua hii ni yako peke yako. Usimsomee Curtis mpaka uimalize.

Yalitoka kwa Pruitt. Mwezi wa Novemba alitokwa na vipele kwenye paji la uso, kundi moja, vyenye maji. Nimekaa mikekani tangu utoto, nilivijua mara moja. Nikamwendea Stoltz ofisini.

"Kocha, hivi si vipele vya joto. Haya ni malengelenge. Tumtoe wiki mbili."

Akanitazama kama mtu aliyekuta nzi kwenye supu. "Wewe daktari?"

"Sio daktari."

"Basi usinitajie jina la ugonjwa hapa ndani. Likitajwa wanafunga ukumbi, mashindano ya sikukuu hatuendi, na Pruitt hapati nafasi ya taifa. Mrembeshe apite ukaguzi. Kiti unakitaka au hukitaki?"

Nikasema nakitaka.

Kijana mwenye haya alikuwa huyo. Kopo ni lile ulilonitumia. Nilimgonga-gonga kwa sponji kama ulivyonielekeza, safu mbili, nikafuta kingo kwa kidole. Daktari wa mashindano alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku penye mwanga, akasema, "Ngozi safi, pita." Na kila jioni ya wiki zile alikuwa akigonganisha kichwa na Curtis, kwa sababu ndivyo nilivyowapanga. Ningemwondoa Curtis, wengine wangeuliza kwa nini mpwa wa kocha pekee ndiye anayeondolewa. Kwa hiyo nilimwacha.

Kisha nesi aliniuliza ana kwa ana kama kuna mwingine mwenye vidonda. Nikasema hakuna. Akampa matone ya kuondoa wekundu, na yule daktari mzee, nilipompigia simu, akaniambia matone hayo ndiyo yaliyomwaga petroli kwenye moto. Neno langu moja lingetosha, Dada, na Curtis alikuwa ameketi pale kando yangu akinisikiliza nikisema hakuna.

Mashindano ulipokuwa hospitali yalikuwa ya siku moja tu. Siku zilizobaki nilikuwa nje ya hospitali, ndani ya gari. Nilikuona ukitoka na kikombe cha kahawa ukasimama kwenye theluji bila kofia. Sikuweza kushuka.

Na yote hayo ya bure. Pruitt ameanguka siku ya kwanza ya mashindano ya taifa, kapigwa na kijana asiyejulikana. Stoltz anastaafu hata hivyo. Alhamisi mkurugenzi wa michezo ameniita akanipa mkono. Kiti ni changu. Watatangaza mwezi ujao. Nimekingoja kiti hiki tangu nikiwa na nywele, na nilipotoka pale niliingia ukumbini nikalala kifudifudi mkekani, sikuweza kuinuka.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi sikula nanyi, niliwaachia nyinyi sahani nzima.

Sasa niambie la kufanya. Ukisema niende kwa mkurugenzi nikaseme, nitakwenda siku hiyo hiyo, na kiti kitapotea, na sitafundisha tena popote. Ukisema ninyamaze nitanyamaza mpaka kaburini. Nangoja neno lako.

Leland


Chuoni
8 Aprili 1970

Dada,

Sikungoja.

Jumatatu asubuhi nilikuwa napiga deki. Mchezaji mmoja wa mwaka wa kwanza akaingia na kidonda kidevuni. Hakuwa na hofu hata kidogo, anatabasamu. Akaniuliza, "Kocha, bado unayo ile poda?" Dada, wanajua wote. Wameshaifanya kuwa sehemu ya vifaa, kama taulo na ndoo. Niliacha ufagio pale pale, nikapanda ngazi mpaka kwa mkurugenzi, nikamwambia kila kitu. Stoltz, mimi, nesi, kopo.

Alikuwa akiandika, hakuinua macho. Mwishoni akauliza, "Kwa nini unaniambia leo, na kiti umeshapewa?" Nikamwambia sijui. Akanyoosha mkono, nikampa funguo.

Maisha yangu yote nimekuwa nikitazama kando ya mkeka nione kocha mkuu ananipa ishara gani. Hii ni mara ya kwanza sikutazama. Nilidhani nitajisikia mwepesi. Sijisikii kitu.

Kuna jambo lazima ulijue. Mkurugenzi amesema chuo hakiwezi kukaa na habari hii, kwamba Curtis ni mtu mzima na ana haki ya kuandikiwa kwa jina lake. Nilimsihi angoje kwanza nikuandikie. Akasema ofisi haingojei familia. Barua ilipigwa chapa Jumatatu hiyo hiyo ikaondoka kwa ndege. Yote yamo, pamoja na poda ilikotoka, kwa sababu aliuliza na sikutaka kudanganya tena. Nilinyanyua simu kukupigia. Nilisikia mtu akihema kwenye laini yenu, nikaiweka chini. Jana nikajaribu tena, ikawa vivyo hivyo. Sikuthubutu kulisema hilo mbele ya kijiji kizima.

Kama hii itatangulia, mkalishe chini umwambie wewe kabla haijafika. Kama ile itatangulia, kaa naye karibu.

Leland


Shambani
10 Aprili 1970

Leland,

Mama hajambo, Harlan hajambo, mahindi mapya bado hayajapandwa kwa sababu ya mvua. Nimeandika salamu hizi kwa mazoea, mkono umeenda wenyewe.

Nimekaa na barua yako ya Pasaka wiki nzima ndani ya debe la unga, ambako Harlan hafiki. Wiki nzima nimekuchukia. Nilikuwa nikikanda mkate naona ni uso wako ninaoukanda. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kumchukia ndugu yake na bado akaamka kuangalia kama amemwandikia; tangu ile hakuna nyingine iliyofika.

Kwanza nikuambie ukweli mmoja kisha nisiurudie. Umekuwa msaidizi kwa muda mrefu mpaka hata dhambi yako unaitafutia kocha mkuu. Umefanya kwa amri ya Stoltz, sasa unataka kutubu kwa amri yangu. Nikisema sema, mimi ndiye niliyekunyang'anya kiti. Nikisema nyamaza, mimi ndiye niliyemficha mwanangu ukweli. Vyovyote vile wewe umetii tu. Hujanionea huruma hata hapo, mdogo wangu.

Lakini sikiliza kilichotokea. Curtis aliisikia bahasha ikichanika. Akasema, "Ni Mjomba? Soma, Mama." Nikaanza. Nilisoma Pasaka, nikasoma Pruitt ameanguka, nikasoma Stoltz anastaafu, nikasoma kiti ni chako. Kilichokuwa katikati nilikiruka. Sauti haikutetemeka, nilijishangaa. Mwanangu alipiga makofi, Leland. Tangu Januari hajawahi kupiga makofi. Akasema, "Unaona, Mama! Nilikuambia atakipata!" Akala sahani mbili. Usiku akaniita akaniambia wazo lake. Anataka kurudi chuoni vuli. Kupiga mieleka hawezi tena, lakini anasema kukagua mikeka jicho moja likipona linatosha, na kocha mkuu mpya atahitaji msaidizi. "Nani atamfaa Mjomba kuliko mimi?" Ndivyo alivyosema.

Juzi daktari wa hapa amefungua jicho la kushoto. Linaona. Alianza na kalenda ukutani, akasoma tarehe kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha kopo la kahawa, kisha kila kitu chenye herufi ndani ya jiko hili. Mama alilia. Harlan alikwenda zizini kama kawaida yake, lakini nilimwona amesimama tu kule na kofia mkononi.

Kwa hiyo neno langu ndilo hili, na umelipata. Nyamaza. Chukua kiti. Mwache mwanangu aje akushikie taulo kama anavyotaka. Kwa vijana wengine, mwite daktari kila asubuhi akague yeye, wewe usiguse ngozi ya mtu tena. Lakini habari ya Curtis ifie kati yetu wawili. Barua yako nitaichoma leo jikoni.

Na usidhani nafanya hivi kwa ajili yako. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nalijua hilo, nimelia vya kutosha. Lakini poda ilitoka mkobani mwangu. Nilikuandikia hata namna ya kufuta kingo. Nilicheka nilipokuwa nikiandika. Amebaki na jicho moja, Leland, na ninaogopa namna litakavyonitazama.

Usije kututembelea bado. Nitakuambia lini.

Gari la posta limeshapita kwa akina Jensen, linapanda kilima. Nilitaka nimkabidhi dereva barua hii mkononi, lakini Curtis amesimama mlangoni amevaa buti, amenyoosha mkono. Anasema, "Lete, Mama, naenda mimi. Leo zikija barua nitazisoma mwenyewe." Naifunga nimpe.

Dada yako,
Marlys